Televisheni ya Mzee Ahmada

Mlandege, Unguja
6 Machi 1999

Kwa Mama yangu, Bi Bimkubwa, Madungu

Assalaam alaykum, na shikamoo nyingi. Natumai barua hii itakukuta u mzima na lile goti lako limepoa. Mie sijambo, Alhamdulillahi, kazi zinakwenda, ila nyumba imekuwa kama imehamwa.

Mama, mwanao Mgeni ameondoka juzi Alkhamisi kwa meli ya asubuhi. Niliporudi mchana kutoka dukani nimekuta jiko limefagiliwa, chakula changu kimefunikwa, na khanga zake hazipo kambani. Mbarouk, karani wa meli, ndiye aliyeniambia kwamba amemuona akipanda na kikapu, na alipomuuliza anakwenda wapi akasema anakwenda kwao.

Nasema kweli, hatukugombana. Sikumpiga, sikumtukana, na nyumbani hapakupungua kitu. Nimekaa nikifikiri, nikaona labda ni dada yangu Mwanamize, ambaye tangu ahamie kwetu huwa anafungua redio kwa sauti tangu alfajiri. Nimeshamwambia atafute pengine pa kukaa. Basi naomba umwambie Mgeni atayarishe vitu vyake. Jumamosi nitakuja kumchukua.

Barua hii nampa Mbarouk, na jawabu ukipenda mpe yeye yeye.

Mkweo mtiifu,
Nassor


Madungu, Chake Chake
10 Machi 1999

Kwa mkwe wangu Nassor

Waalaykumu salaam warahmatullahi. Marahaba, mwanangu. Goti limepoa, limehamia bega. Umri wangu huu maradhi hayatoki, yanatembea tu. Nakushukuru kwa kuniuliza.

Mgeni kafika salama. Anakula, analala, anasali, na jana kacheka. Kwa hiyo usije Jumamosi.

Sikufukuzi. Lakini umeniandikia ukurasa mzima na mwisho wake sijaona unajua kosa lako ni lipi. Dada yako mrudishe ndani, maskini, hana alilofanya. Sababu Mgeni kaniambia siku aliyofika, na mie nimekataa kukwambia, maana nikikwambia utaomba radhi kwa adabu tu. Itafute mwenyewe. Ukiipata, niandikie.

Sasa nina shida yangu na wewe, kwa kuwa ni fundi. Unajua ugonjwa wangu wa televisheni za zamani. Tangu marehemu mume wangu Jaribu atangulie mbele ya haki nimekuwa nikizikusanya, na wewe mwenyewe ulipokuja kuposa ulijigonga kwenye moja pale ukumbini. Zilikuwa sita wakati ule. Sasa ni kumi na moja. Watu wa Madungu wanasema Bimkubwa kapata wazimu wa ujane, waache waseme. Wengine wanafuga njiwa. Mie kitu kilichowahi kukusanya watu mbele yake sipendi kukiona kikifia uani na mvua inakinyeshea.

Hii ya kumi na moja ndiyo niliyoitamani miaka yote. Ni ile ya Mzee Ahmada wa Pujini, Mungu amrehemu, yenye kabati la mbao na milango miwili ya kufunga. Ilikuwa ya rangi, na wakati ule Pujini hapakuwa na ya pili. Watu walikuwa wanatoka mashamba ya mbali kuja kukaa barazani kwake, naye anawasha jenereta. Nimekwenda mwezi uliopita kumpa pole mjane wake, Bi Mwatum, nikaikuta uani kuku anatagia ndani yake. Bi Mwatum kanipa kwa sharti moja: ikiwaka, nimrudishie kwa siku moja, watu wakae tena barazani kama zamani. Nimeifunga kwa godoro, nimeileta kwa gari la ng'ombe.

Kabati limepigwa msasa, mavi ya kuku yametoka. Tukiiwasha inatoa mstari mmoja mweupe, mwembamba, umelala katikati ya kioo. Juu kiza, chini kiza. Hiyo ni nini?

Nijibu la televisheni. Lile lingine lifikiri taratibu.

Mkweo,
Bimkubwa


Mlandege
1 Aprili 1999

Mama yangu mtukufu

Idd mubarak, ingawa nimechelewa. Idi yangu nimesali, nimekula kwa jirani, nimelala. Natumai bega limeachia. Mwanamize amerudi ndani, anakusalimu.

Mstari mweupe maana yake tyubu ya picha ni nzima na moto wa juu, ule umeme wake mkali, upo, hayo ni mambo ya kushukuru kwa chombo kilichokaa na kuku. Kilichokufa ni ile sehemu inayoitandaza picha kwenda juu na chini. Mara nyingi inaungua transista yake kubwa, iliyofungwa kwenye bati la kupozea. Ibadilishe, picha itafunguka.

Lakini Mama, naomba sana usitie mkono ndani. Televisheni ya namna ile hata ukiitoa kwenye umeme, tyubu inabaki na moto unaoweza kumrusha mtu mzima ukutani. Mtafute fundi hapo Chake akufanyie, mwanamme anayejua.

La Mgeni nimelifikiri. Nakumbuka mwezi wa Disemba nilimkatalia kwenda Wete kwenye harusi ya binamu yake, nikasema kazi nyingi. Nadhani ndilo hilo. Nilikosea, namwomba radhi. Ikiwa ndilo, nijulishe nije.

Mkweo,
Nassor


Madungu
18 Aprili 1999

Mwanangu Nassor

Salaam zako zimefika na Idi yako nimeipokea. Hapa mvua za masika zimeanza na umeme wa mashine za Wesha unakuja ukitaka na kuondoka ukitaka, kwa hiyo kazi inakwenda kwa kudokoa.

Silo. Harusi ya Wete aliisahau hata kabla ya bwana harusi.

Transista yako ilikuwa nzima. Imetolewa, imepimwa, nzima kabisa. Lililokuwa limekufa ni resista ndogo nyuma yake, imepasuka kama punje ya bisi, na miguu miwili ya pembeni ya transista ilikuwa imeachia kwenye ubao, ukiitazama kwa jicho huioni mpaka uitikise. Hayo hukuyataja. Yamefanywa, na picha imefunguka.

Imefunguka nusu. Watu wanaonekana wamejazana juu ya kioo kama waliosukumwa, na miguu yao imejikunja chini. Sasa sikiliza suali. Kwenye mguu wa katikati wa ile transista, televisheni ikiwa ya baridi tunapata volti kumi na nane. Ikishika moto, kama dakika kumi hivi, zinashuka mpaka kumi na moja, na hapo ndipo picha inapojikunja. Transista imebadilishwa kwa nyengine, hali ni ile ile. Je, ni kapasita inayovuja ikipata joto, au ni resista iliyobadilika kiwango chake? Na kama ni kapasita, ziko tisa upande ule. Unaanza na ipi bila ya kuzitoa zote, maana ubao ni mkongwe na kila ukiuchoma unabanduka?

Umenambia nitafute fundi mwanamme. Nimekusikia.

Mkweo,
Bimkubwa


Mlandege
5 Mei 1999

Mama

Shikamoo. Barua yako nimekaa nayo wiki mbili. Nimeanza kuijibu mara nne nikaichana. Nakuomba uniwie radhi kwa kuchelewa, na uniwie radhi zaidi kwa nitakayoyaandika.

Jawabu la suali lako ni kwamba sijui.

Nilipolisoma mara ya kwanza nilitaka kuandika jawabu lolote, kwa sababu mkwe kamuuliza mkwewe na mimi ndiye fundi. Nikachukua kalamu. Halafu nikalisoma tena, nikasikia sauti ya mtu aliyeliuliza. Mama, hayo si maneno yako. Wewe unajua mbao na msasa na polishi. Kuna mtu mmoja tu ninayemjua anayepima kitu kikiwa baridi halafu akasubiri dakika kumi akakipima tena. Mie sisubiri. Mie nabadilisha vitu mpaka kimoja kikubali.

Nikatazama rafu ya dukani kwangu. Tangu Mgeni aondoke zimekaa televisheni tano ambazo nimewaambia wenyewe kesho, kesho. Jana mmoja amekuja kuichukua yake ikiwa mbovu vile vile, akaniuliza mkono wangu umepatwa na nini.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Ilikuwa Jumatano, siku moja kabla ya yeye kuondoka. Alikuja bwana mmoja mkubwa wa ofisi kuchukua televisheni yake, ambayo mafundi wawili walikuwa wameshaishindwa. Mgeni alikuwa ameikalia siku tatu kule chumba cha nyuma. Yule bwana akaiwasha, akafurahi, akaniuliza niliupataje ugonjwa wake. Nikamweleza kwa maneno aliyonieleza Mgeni asubuhi ile, neno kwa neno. Mgeni akaingia na kahawa. Yule bwana akasema kwa mzaha, "Na bibi naye humfundishi kazi?" Nikacheka, nikasema, "Huyu kazi yake kunipikia kahawa. Waya akiziona anakimbia."

Alitua sinia, akatazama ile televisheni, akarudi ndani. Mie niliendelea kucheka.

Mama, si siku ile peke yake. Ni miaka mitatu. Kila televisheni ngumu iliyotoka dukani kwangu imetoka mkononi mwake, na kila shukrani nimeipokea mie. Nilikuwa najiambia kwamba mke na mume ni kitu kimoja, jina langu ni lake. Lakini siku ile sikumpa hata jina langu.

Sasa sikuombi umrudishe. Nilitaka tu ujue kwamba nimeipata.

Nassor


Madungu
27 Juni 1999

Mwanangu Nassor

Waalaykumu salaam. Najua umekaa roho juu mwezi na nusu bila ya jawabu. Sikukusahau. Barua yako haikuwa yangu, na mwenyewe alihitaji muda.

Niliisoma kwanza peke yangu, mara mbili. Halafu nikenda ukumbini nikamsomea. Alikuwa amekaa mkekani, televisheni ya Mzee Ahmada imelala kifudifudi mbele yake, anachomelea waya. Hakuinua kichwa. Nilipofika pale uliposema hujui, mkono ukasimama. Nilipomaliza akaniuliza kama umeandika kwa mkono wako au umeandikiwa. Nikamwonyesha. Akaikunja, akaitia ndani ya kikebe cha skurubu, akaendelea na kazi. Kwa zaidi ya mwezi hakulitaja.

Wiki iliyopita kalitaja. Kasema hivi, nami nakuandikia kama alivyosema: "Kosa kaliungama kwa mama, kwenye karatasi. Lile neno alilisema mbele ya mtu."

Mie sina la kuongeza hapo.

Ugonjwa wa picha kaupata. Hakutoa hata kapasita moja. Alisubiri televisheni ishike moto na picha ijikunje, halafu akawa anazipoza moja moja kwa pamba iliyolowa spiriti. Alipofika ya saba, picha ikanyooka mbele ya macho yetu. Mie nilipiga kigelegele, yeye akaniambia nisiitikise meza. Kwa ufupi kapasita ile imezeeka na Chake hakuna ya kiwango chake. Ni ya maikrofaradi elfu moja, volti thelathini na tano.

Kuna jengine. Dada yake Mgeni, Mwanabaraka, aliyeolewa Tanga, anakaribia kujifungua, nami naondoka kesho kutwa. Sitarudi mpaka atoke arubaini. Nyumba namwachia Mgeni, na kaka yangu Msellem atakuwa akilala chumba cha uani. Msellem ni mtu wa maneno machache na macho mengi, kwa hiyo usije ukamwona amenyamaza ukadhani haoni.

Utaona nimesema usije ukamwona. Maana yake ukija sasa sikukatazi. Kapasita ndiyo sababu yako. Lete mbili, moja ya akiba.

Mkweo,
Bimkubwa


Madungu
15 Agosti 1999

Kwa Mama, Tanga

Assalaam alaykum na shikamoo. Tumepata habari kwamba Mwanabaraka amejifungua mtoto wa kike na wote wazima. Alhamdulillahi. Mgeni alipoisikia alikwenda mpaka kwa jirani kuitangaza na mafuta ya taa mkononi, amesahau kuyatua. Tunakupa mkono wa hongera, bibi mpya.

Mama, nakuandikia nikiwa kwako, nimekaa ukumbini, na kuna mambo ni haki yako kuyajua.

Nilifika tarehe kumi ya mwezi wa saba. Mgeni alinipokea kwa adabu, akanipa maji, akauliza habari za njiani, akanyoosha mkono. Nikampa zile kapasita. Akazipima zote mbili, akanirudishia moja, akasema hii yako mbovu. Kweli ilikuwa mbovu, na nilikuwa nimeinunua mpya. Nilihamia chumba cha uani pamoja na Mzee Msellem, ambaye hakunisemesha siku nne. Ya tano alinipa nusu ya muhogo wake.

Kwa wiki mbili nilikuwa nikifanya ninaloambiwa. Nilipiga polishi milango, nikasafisha ubao kwa brashi, nikashika kioo cha mkononi mbele ya tyubu ili yeye aliyekaa nyuma aone picha anapoirekebisha rangi. Mama, kwa mara ya kwanza nilimwona akifanya kazi. Kule dukani mie nilikuwa nakaa mbele na wateja, na yeye nyuma. Miaka mitatu sikuwahi kukaa nikamtazama. Ana tabia ya kuzungumza na kile chombo kwa sauti ndogo, anakibembeleza, na akikosea anajicheka mwenyewe.

Siku ya kuirudisha Pujini tulitoka baada ya sala ya adhuhuri kwa gari la ng'ombe, mie nikiishikilia. Barazani kwa marehemu Mzee Ahmada walikuwa wameshatandika mikeka, watu hawapungui sitini, na jenereta limeazimwa kutoka nyumba ya harusi. Bi Mwatum alikuwa amevaa nguo zake za Idi. Tukaifunga antena, tukasubiri stesheni ifungue. Mgeni akafungua ile milango miwili, akabonyeza. Ilichukua muda kushika moto, watu wakasogea mbele. Halafu rangi zikaja, Mama. Walikuwa watoto wanasoma kasida, kanzu nyeupe, nyuma yao pazia la kijani. Bi Mwatum alikuwa akifuta machozi na ncha ya mtandio bila ya kuacha kutazama.

Hapo akasimama Mwalimu Himid, yule mstaafu. Akatoa shukrani kwako, akasema mengi mazuri juu ya marehemu, halafu akanigeukia mie. Akasema Pujini inamshukuru mkwe wa Bimkubwa, fundi kutoka mjini, aliyeacha kazi zake Unguja akaja kuwafufulia chombo chao. Watu wakanipigia makofi. Na Mgeni alikuwa amesimama kando ya televisheni, anakunja waya, hakunitazama. Aliendelea kukunja tu.

Nikasimama. Nikasema, "Mwalimu, shukrani zako zimekosea njia. Mie nimeleta kapasita moja nzima na moja mbovu. Fundi ni huyu hapa, Mgeni binti Jaribu. Na kule Unguja pia, kwa miaka mitatu, kila kazi ngumu niliyosifiwa ilikuwa yake, na mie nikiwaambia watu hajui kitu. Nilisema uwongo mbele za watu, na ndiyo maana nausema ukweli mbele za watu."

Kasida ikawa inaendelea peke yake. Baadhi ya wanaume walitazama chini, nadhani waliona haya kwa ajili yangu. Halafu Bi Mwatum akasema kutoka mkekani, "Mgeni, mwanangu, na redio yangu waiweza? Ina mwaka haisemi." Watu wakacheka, na Mgeni akasema ailete.

Tulirudi kwa gari lile lile la ng'ombe mpaka tukakaribia mjini. Nikamuuliza kama atarudi na mimi Unguja. Akasema amenisamehe, nisiwe na shaka hiyo, lakini kurudi harudi. Kwa siku tatu baada ya hapo walikuja watu saba hapa mlangoni, na wote waliuliza, "Fundi Mgeni yupo?" Siku ya tatu akanieleza, "Kule nitakuwa mke wa Nassor anayejua kidogo. Hapa ni mimi. Ukitaka kukaa na mimi, njoo wewe."

Nimelifikiri, Mama, na nimekubali. Duka la Mlandege nimeamua kulifunga baada ya kurudisha vyombo vya watu. Yeye atashika ndani ya televisheni, mie nitashika redio, antena, na kabati, ambazo nimegundua nazipenda. Lakini nyumba ni yako. Najua mwanamme kuhamia kwa mkwewe ni jambo la kuchekwa, na tayari kuna walioanza, hata kaka zangu. Kwa hiyo siingii ila kwa ruhusa yako. Bado nalala uani na Mzee Msellem. Nangoja neno lako.

Na jengine niungame. Televisheni sasa ni kumi na nne. Watu wameanza kuzileta wenyewe. Moja iko chumbani kwako.

Mkweo,
Nassor


Tanga
29 Agosti 1999

Kwa mwanangu Nassor

Waalaykumu salaam. Mtoto mzima, mama yake mzima, mie nimechoka lakini kwa furaha. Kapewa jina la Mwanawema, ana sauti ya kuendesha soko.

Barua yako nilimpa Mwanabaraka anisomee, maana miwani yangu imevunjika mguu. Alipofika penye habari za Pujini alishindwa kuendelea kwa machozi, ikabidi nimalizie mwenyewe, miwani nimeishikilia kwa mkono.

Chumba cha mbele, kilichokuwa cha marehemu Jaribu, kina dirisha la barabarani. Kifungueni, mtie meza yake pale, karibu na dirisha, apate mwanga na aonekane. Nyinyi hamieni chumba cha kati. Hiyo iliyo chumbani kwangu iacheni hapo hapo, ila msiniwekee upande wa kichwani. Msellem mwambie nimesema asianze kuwa na maneno mengi sasa.

Nitashuka bandarini Jumatatu ya wiki ya pili ya mwezi ujao. Njooni wawili, na muje na gari la ng'ombe. Hapa mtaani kuna fundi cherahani ana televisheni ya miguu minne ya mbao, anaiwekea pasi juu yake. Tumeshazungumza.

Umeniandikia kwamba kaka zako na watu wa mjini wanakucheka kwa kuhamia ukweni. Waache wacheke, Nassor. Wote hao wana televisheni majumbani, na zitaharibika tu.

Mamako,
Bimkubwa